Mlangoni kwa Mkurugenzi

Ras Lamsa, 10 Oktoba 1993

Mjomba Khemais,

Assalamu alaikum, nakubusu kichwa kama vile umesimama mbele yangu. Mama anakusalimu sana. Hatem naye anakusalimu, ingawa salamu zake nimezitunga mimi, kwa sababu siku niliyoondoka Kef mdogo wangu huyo alikuwa uwanjani na mpira wake. Mgongo wa Mama haujamwacha, lakini bsisa ya mwaka huu amekaanga na kusaga mwenyewe, na kopo moja la unga huo ni lako, limo kwenye mzigo huu. Vipi macho? Ile miwani uliipata?

Sasa habari zangu. Mjomba, nimeletwa baharini. Unaijua ile kadi ya kuchagua vyuo yenye mistari sita. Mitano niliijaza kwa akili zangu timamu: fizikia Tunis, hisabati Tunis na kuendelea. Mstari wa sita sikuwa na la kuandika, na mwalimu alituonya kwamba kadi yenye mstari mtupu hurudishwa, basi nikaandika sayansi ya bahari, Ras Lamsa, kwa kuwa ndilo jina lililokuwa juu kabisa ya ukurasa. Kompyuta ya wizara ikairuka mitano yote ikatua hapo. Mimi, mtoto wa milimani, ambaye bahari nimeiona mara mbili maishani, zote kwenye kalenda.

Chuo chenyewe kilikuwa kiwanda cha kusindika dagaa. Tuko wanafunzi mia moja na arobaini. Ukumbi wa mihadhara bado una kulabu darini, na mvua ikinyesha kuta zinatoa harufu ya kazi yao ya zamani. Darubini ziko sita, mbili kati yake ni za kutazamwa tu. Maktaba ina ufunguo mmoja, ufunguo anao Bwana Mokhtar, na Bwana Mokhtar ana shamba la mizeituni. Wahadhiri karibu wote wanaishi Tunis. Wanakuja Jumanne na treni ya saa nne asubuhi, wanaondoka na ya saa kumi, na siku zilizobaki tunaachiwa upepo. Karatasi zangu zote zimejikunja kwa chumvi.

Chini ya kopo la bsisa utakuta faili langu la kuomba uhamisho. Nimetia kila kitu, pamoja na cheti changu halisi cha mtihani, na unajua hakitolewi mara mbili. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 31 Januari. Mama kasema hakuna haja nikapange foleni wizarani wakati wewe uko ofisini kwa Mkurugenzi mwenyewe. Ni neno lako moja tu, Mjomba.

Mpwa wako,
Wided


Tunis, 4 Novemba 1993

Mpwa wangu Wided, macho ya dada yangu,

Alaikum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili bila miwani na mara moja nikiwa nayo, kwa hiyo umeshajua kwamba miwani nimeipata. Bsisa nimeilamba kwa kidole kabla sijafika nyumbani. Mwambie mama yako mkono wake ni ule ule wa marehemu bibi yenu. Mimi ni mzima. Nyumba ya mjane ni kimya, lakini jirani ana redio inayotutosha sote wawili.

Kuhusu shauri lako, ondoa wasiwasi. Faili limefika na liko mahali salama, pasipofikiwa hata na panya. Mkurugenzi ni mtu wa shughuli nyingi. Mimi ndiye wa kwanza kumwona asubuhi na wa mwisho kumwona jioni, lakini mambo haya yana wakati wake. Mkubwa huzungumziwa akiwa ameshakunywa kahawa na roho yake imetulia. Ukimkurupusha, anakataa hata lile alilotaka kulikubali.

Jambo moja nakukataza. Usiende kwenye dirisha namba tatu la wizara, wala usitume chochote huko kwa posta. Dirisha lile ni la watu wasio na mtu. Wewe una mabega ya kuegemea, mshukuru Mungu. Na soma masomo yao hayo hayo uliyopewa, maana Mkurugenzi akiuliza alama zako sitaki kuinamisha kichwa.

Mjomba wako,
Khemais


Ras Lamsa, 29 Novemba 1993

Mjomba wangu,

Salamu kutoka kwenye upepo. Mama ameandika kwamba mavuno ya mizeituni yameanza na mgongo umesahauliwa kwa muda. Hatem amepata alama nne kati ya ishirini kwenye Kifaransa na anadai mwalimu ana chuki naye. Mimi nina mafua ya tatu tangu nifike.

Nikueleze Jumanne yangu iliyopita, uone ninavyoishi. Mhadhiri wetu wa kemia alifundisha sura ya nne kwa dakika arobaini, akatazama saa, akafunga mkoba. Hakuna aliyeelewa. Hapa kuna desturi: mwenye swali humsindikiza mhadhiri stesheni na kuuliza njiani. Tukamsindikiza watu kumi na wawili, kila mmoja na daftari lake, kama tunapeleka bwana harusi. Zamu yangu ilipofika, treni nayo ikafika. "Panda," akaniambia, "nitakueleza mpaka kituo kinachofuata." Nikapanda. Alinieleza vizuri sana, na kituo kinachofuata kipo kilomita tisa. Nikarudi kwa miguu kando ya reli, upepo wote usoni, nikiikariri sura ya nne.

Ijumaa wakatupakia mashua ya chuo kwenda kupima chumvi ya maji. Nilitapika nikiwa nimeshika chupa ya vipimo mkononi, na mtu wa mashua akauliza kwa upole kama na hiyo inapimwa.

Mjomba, nina mwenzangu chumbani, Emna, wa Siliana. Baba yake anafuga kondoo, na Tunis hawamjui hata mtu mmoja. Yeye alituma faili lake kwa posta kwenye hilo dirisha namba tatu, na wiki iliyopita wamemletea kikaratasi cha mapokezi chenye namba 412. Amekibandika ukutani juu ya kitanda. Kila nikilala nakitazama. Naomba na mimi unipatie namba yangu, niibandike upande wangu.

Wided


Tunis, 2 Januari 1994

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kwanza lilikuwa jino, kisha likawa jino la pili, na mwisho wa mwaka wizarani ni msukosuko usio na kifani. Mama yako ametuma makopo mawili ya mafuta mapya, moja langu na moja la Mkurugenzi. Mwambie yamefika. Langu nimeshachovya mkate. La pili liko linapostahili kuwa.

Unaniuliza namba. Mwanangu, namba ni za wale wa dirishani. Faili linalopita mlango mkubwa halipewi namba, linapewa jina. Mkurugenzi alikuwa safarini, amerudi juzi na meza imejaa. Binti wa Siliana mwombee heri, lakini usijipime naye. Angekuwa na mjomba kama wako asingelazimika kubandika vikaratasi ukutani.

Nasikia huko kwenu samaki ni bei ya bure. Kula samaki, anasaidia akili.

Khemais


Ras Lamsa, 17 Januari 1994

Mjomba,

Salamu kwako. Sote wazima. Leo sitazunguka.

Zimebaki siku kumi na nne. Ama uniambie faili langu limeingia siku gani na amelipokea nani, ama unirudishie cheti changu kwa posta ya haraka niliwasilishe mwenyewe. Bila cheti halisi hawapokei ombi langu, nimeshapiga simu kuuliza, nikakatiwa mara tatu. Sitaki kukukosea adabu, lakini naona kama napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mafuta yenyewe ni ya kwetu.

Mwaka huu nimeusoma kwa kusimama, kama anayengoja treni. Kwenye mtihani wa fizikia nilipata alama ya kwanza chuoni, na mhadhiri akaniuliza hapa nafanya nini.

Nangoja barua yako.

Wided


Ras Lamsa, 14 Februari 1994

Kwa Mjomba Khemais,

Assalamu alaikum wa rahmatullahi. Nakutakia Ramadhani njema, ya kheri na afya. Mama yuko salama, anakuombea. Hatem anafunga mpaka adhuhuri na kuutangazia mtaa mzima kwamba anafunga.

Hapa mambo si mabaya. Mkahawa wa chuo unatupa chorba, supu nzito ya futari, na mkate wa jana. Alhamisi ya tarehe 27 Januari nilikosa maabara kwa sababu ya safari fupi, nikarudi siku ile ile kwa treni ya jioni. Mvua ilininyeshea kidogo, nimeshapona. Emna amejibiwa. Amehamia Tunis tangu tarehe nane, na kitanda chake sasa tunaanikia nguo.

Tarehe 31 imepita. Usijisumbue tena na lile shauri. Sina ombi lingine.

Ujitunze macho.

Wided


Tunis, 18 Machi 1994

Wided,

Idi imepita na sikupika chochote. Nilinunua keki mbili za tende, makroudh, dukani, nikala moja. Barua hii nimeianza mara nne. Salamu utazikuta chini, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu kama kawaida yangu.

Alhamisi ile nilikuona.

Kengele ya Mkurugenzi ina lugha yake: mara moja ni kahawa, mara mbili ni faili. Ililia mara moja. Nikatoka na trei, vikombe vitano, kwa kuwa alikuwa na wageni na pia wale wa chumba cha uhamisho walikuwa wameagiza. Yule kijana wa uhamisho, sawa na mwanangu kama ningekuwa na mtoto, akaonja akanirudishia kikombe. "Khemais, nimesema bila sukari," akasema mbele ya watu. "Hayo ni masikio au ni vishikio vya miwani?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, ndivyo inavyofanywa. Nikageuka na kucheka kwangu, nikaliona koti la kijani juu ya ngazi. Koti lile alilishona dada yangu. Hakuna jingine Tunis nzima.

Ulikuwa hatua kumi kutoka dirisha namba tatu. Faili lako lilikuwa nyuma yangu, kwenye kabati la vikombe. Ungeniita tu ningekupa, ungelipeleka, ungepata namba yako kabla ya adhuhuri. Hukuita. Ulishuka ngazi. Jioni nilisimama langoni mpaka mlinzi akafunga, nikidhani utarudi.

Mimi ni tarishi, mpwa wangu. Ni mwaka wa kumi na tano. Nakaa kwenye kiti nje ya mlango, nafungua, nafunga, nabeba. Nilipopata kazi niliandika nyumbani kwamba nafanya kazi mlangoni kwa Mkurugenzi. Barua ilisomwa Kef kwa sauti, na ilipofika nyumba ya tatu neno mlangoni lilikuwa limeshadondoka njiani. Nilipokwenda likizo walinichinjia kondoo. Ningesema nini, na nyama iko mdomoni? Mlinivika kilemba cha ukoka na mimi nikakipenda, nikakivaa miaka yote hii. Kuna mafaili mengine manane kwenye kabati lile. La binamu yako wa Tajerouine lina miaka sita. Makopo ya mafuta ya Mkurugenzi yako chini ya kitanda changu, sijafungua hata moja. Nilijiambia kwamba nisipoyala, si wizi.

Sasa lile baya zaidi. Chumba cha dirisha namba tatu nakipelekea kahawa kila siku. Wanafungua bahasha kwa zamu ya namba. Hakuna mkubwa anayekuja kuulizia mtu, hawana hata muda huo. Namba 412 niliiona ikifunguliwa. Nilijua tangu Oktoba kwamba ungeweka faili lako kwenye bahasha na stempu ungekuwa umeshaondoka huko. Lakini ningekwambia ulipeleke mwenyewe, mjomba angebaki wa nini?

Cheti chako kimo humu. Hakijakunjwa. Nisalimie dada yangu, kama bado utataka kumsalimia kwa niaba yangu. Na kama una la kuniambia, nambie kwa nini hukuita.

Khemais


Ras Lamsa, 26 Aprili 1994

Mjomba Khemais,

Alaikum salaam. Nilikuwa nyumbani wiki mbili za likizo. Mama mzima, ngano imesimama vizuri, Hatem amepata tisa kwenye Kifaransa na bado mwalimu ana chuki naye. Barua yako nilikwenda nayo Kef ndani ya koti na nimerudi nayo.

Nina hasira na wewe. Nayaandika haya kabla ya mengine ili usije ukasoma barua hii ukadhani yamekwisha. Nilikuwa na alama za kukaa darasa moja na watu wa fizikia, na badala yake mwaka huu nimejifunza kutoa kijiwe kwenye sikio la dagaa na kuhesabu mistari yake ili nijue alikufa na miaka mingapi. Nakihesabu vizuri kuliko wote hapa. Nilikihesabu usiku wa mtihani na mchana wa mtihani, na kila mstari nilikuwa nakuwaza wewe. Mwakani nitatuma faili langu mwenyewe, na huenda wakanikubali, lakini nitakuwa nimeshafika mwaka wa pili na watanianzisha wa kwanza. Hesabu hiyo ni yangu, wewe huwezi kuilipa, kwa hiyo usijaribu.

Umeuliza kwa nini sikuita. Nilifungua mdomo. Pale chini nilikuwa nimemuuliza mlinzi, "Namtafuta Bwana Khemais, wa ofisi ya Mkurugenzi," naye akanitazama sana kabla ya kunionyesha ngazi. Nikapanda na maneno yangu yote ya ukali, niliyoyapanga tangu kwenye treni. Halafu yule kijana akasema aliyosema, nawe ukacheka. Ningeita Mjomba pale, angegeuka akutazame upya, kisha anitazame mimi, na kesho yake angekuwa na utani mpya wa kukuchezea. Basi nikashuka. Usinishukuru. Nililia kwa hasira mpaka kituo kile nilichoshukia na mhadhiri wa kemia, na mama mmoja akanipa chungwa.

Sasa sikiliza. Ndani ya bahasha hii kuna stempu, za kutosha mafaili manane. Yarudishe kwa wenyewe, yote, hata la miaka sita. Kwenye kila moja andika maneno haya tu: linapokelewa dirisha namba tatu, kwa posta, udai kikaratasi. Ukitaka kuweka jina lako chini, weka. Usipotaka, mimi sitauliza.

Na kuna hili la Hatem. Mwakani anafanya mtihani wake wa mwisho, na Mama alikuwa ameshaanza kumkusanyia karatasi akutumie wewe. Nilikuwa nimekaa naye uani, anachambua ngano. Nikamwambia kwamba faili la Hatem litapelekwa na Hatem, na kwamba Mjomba anafanya kazi mlangoni. Nilidhani atapiga kelele, au ataniuliza nimejuaje. Hakuinua kichwa.

"Mlangoni," akasema. "Si ndivyo alivyoandika tangu siku ya kwanza. Barua ninayo." Akatupa jiwe dogo upande, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mwaka ule baba yenu alikuwa amefariki. Nilihitaji watu wadhani nina kaka mkubwa wizarani."

Nilimtajia yale makopo ya chini ya kitanda, naye ameniagiza nikwambie uyafungue kabla hayajaharibika, uyale. Ya mwaka huu atatuma Desemba kama kawaida. Atatuma kopo moja, la kaka yake, na chini yake hakutakuwa na faili.

Wided